Kamera Haijakufa, Betri Ndiyo Imekufa

Kuna sanduku lilikaa kwenye stoo ya kanisa hapa Lumino kwa miaka mingi. Ndani yake kulikuwa na kamera nne. Tatu ni Polaroid, zile nene zenye mdomo wa kutoa picha mbele, na moja ni Fuji Instax. Waliozileta walikuwa wageni, wakaenda zao. Mwaka jana tulipokuwa tunasafisha stoo ili vijana wapate mahali pa kukutana, afisa wa shirika fulani alifungua lile sanduku, akashika kamera moja, akabonyeza kitufe. Kimya. Akasema, "Hizi ni takataka. Pelekeni shimoni." Kisha akatoa simu yake, akatupiga picha tukiwa tumebeba takataka, akaondoka na ile picha.

Siandiki haya kumtukana. Alikuwa mtu mzuri, hata alituletea soda. Lakini kwa dakika ile moja alifanya makosa mawili ambayo nimeyaona tangu nikiwa mtoto. La kwanza, alihukumu kitu kimekufa kabla ya kuuliza kimekufa wapi. La pili, alichukua sura zetu na hakuacha hata moja. Nasema makosa haya mawili ni ndugu, na nitawaonyesha vile yanavyofanana.

Wengi wenu mnaosoma jarida hili mko Kiryandongo, au mnafanya kazi na watu walioko kule. Sisi tuliobaki huku mpakani tunajuana na nyinyi kupitia safari moja. Wakenya walipiga kura tarehe 27 Desemba 2007, na kabla mwaka mpya haujazoeleka nyumba zilikuwa zinawaka. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa, malaki wakahama makwao. Maelfu yetu tuliingia Uganda kupitia Busia na Malaba. Wengi tukawekwa kwenye mahema Mulanda, wilaya ya Tororo, na baadaye malori yakabeba watu hadi Kiryandongo. Sisi hatukupanda lori. Mama ana damu ya Samia, na Msamia mpaka ameukuta tu: shamba la mjomba liko upande huu, kaburi la babu liko upande ule. Basi tukaja Lumino.

Nilikuwa na miaka tisa. Pale Mulanda nakumbuka kamera kuliko ninavyokumbuka uji. Tulipigwa picha tukiwa kwenye foleni. Tulipigwa picha tukinawa mikono. Kuna mzungu mmoja aliniambia nishike kikombe juu kidogo, nikashika. Mahali fulani duniani kuna picha yangu nikiwa na miaka tisa na kikombe cha plastiki mkononi, na huenda ilikusanya pesa nzuri. Mimi sijawahi kuiona. Albamu ya mama iliungua pamoja na kabati. Ukiniuliza leo nilikuwa na sura gani kabla ya miaka kumi na minne, nitakwambia umuulize mama, naye atakwambia nilikuwa na masikio makubwa. Hiyo ndiyo kumbukumbu yote tuliyo nayo.

Najua tayari kuna mtu anasema: lakini sasa kila mtu ana simu, picha ziko bure. Hebu tuongee ukweli kuhusu simu. Simu huibwa sokoni. Simu huanguka kwenye choo cha shimo. Simu huuzwa siku mtoto ana malaria na hakuna pesa ya dawa, na anayeinunua hufuta kila kitu ili apate nafasi ya nyimbo zake. Nimewauliza vijana kumi na wawili wa kikundi chetu nani ana picha yoyote ya miaka mitano iliyopita. Wawili tu waliinua mkono, na wote wawili picha zao zilikuwa za karatasi. Picha ya simu ni ya simu. Ikifa simu, na wewe umekufa nayo.

Na mkitaka kujua hasara hii inauma wapi, nendeni matangani. Mama mmoja wa hapa, aliyekuja na sisi kutoka ng'ambo, alipofariki, familia ilitafuta picha ya kuweka juu ya jeneza. Hawakupata. Mwishowe walichukua ile sura ndogo iliyo kwenye karatasi yake ya ukimbizi, wakaenda Busia mjini kuikuza kwa fotokopi. Ikatoka nyeusi, macho kama mashimo, na juu ya paji la uso kuna kipande cha mhuri. Watoto wake walizika mhuri. Mimi nilisaidia kubeba ile fotokopi, na tangu siku hiyo sipendi kusikia mtu akisema picha ni mambo ya starehe.

Sasa turudi kwenye sanduku. Hatukupeleka kamera shimoni. Tuliziweka chini ya benchi, tukamwita fundi wa simu wa hapa senta, kijana wa rika letu ambaye amefungua simu nyingi kuliko mimi nilivyofungua vitabu. Akaangalia, akacheka. Akasema, "Hizi hazijakufa. Hazijala tu."

Ni hivi. Polaroid ya aina ile inaitwa 600, ilianza kuuzwa 1981. Haina mahali pa kuweka mawe ya tochi. Ukiizungusha yote hutapata. Waliounda waliweka betri ndani ya pakiti ya filamu yenyewe, betri nyembamba kama kadi, ya volti 6, imelala chini ya zile karatasi nane za picha. Ukiingiza pakiti, kamera inaamka. Ukimaliza picha nane, unatupa pakiti na betri yake, hata kama bado ina nguvu. Ujanja mzuri kwa mtu anayekaa karibu na duka. Kwa mtu wa Lumino maana yake ni kwamba bila pakiti, kamera ni kama maiti, hata kama kila kitu ndani ni kizima.

Halafu mwaka 2008 kampuni ikatangaza kwamba inaacha kutengeneza filamu. Mwaka uleule ambao sisi tulikuwa tunalala Mulanda, na hizi kamera nazo zikawa wakimbizi. Kikundi kidogo cha watu kikanunua mashine za mwisho kwenye kiwanda cha Enschede, Uholanzi, wakaanza upya, na kufikia 2010 filamu ilikuwa inauzwa tena. Ona basi: wakati dunia ilisema imekwisha, kuna watu walikataa, na leo hakuna anayewaita wajinga.

Siku hizi kuna pakiti ya aina nyingine inayoitwa i-Type. Picha ni zilezile nane, lakini ndani hakuna betri, kwa sababu kamera mpya zina betri yake ya kuchaji. Kwa hiyo i-Type ni nafuu kidogo, na haitupi betri kila baada ya picha nane. Shida ni moja: ukiiweka kwenye kamera ya zamani, haitoi umeme, kamera inabaki imelala. Watu wa Ulaya na Marekani wanaopenda vitu vya kale hulipa mafundi wawawekee betri ya kuchaji. Kwao ni mchezo wa Jumamosi. Kwetu ni kitu kingine, na betri tulikuwa nazo tayari. Zilikuwa zinatupwa.

Mnazijua zile taa za sola zinazogawiwa. Kila nyumba imepata, na kila nyumba ina moja iliyokufa inayoning'inia kwenye msumari. Tulikusanya kumi na saba kwa wiki moja. Tulipozifungua tukakuta nyingi zimekufa swichi, au waya wa paneli umekatika pale unapoingia. Betri ni nzima. Na taa nyingi za aina hii zina betri ya lithiamu-feri-fosfeti ya volti 3.2. Piga hesabu ya darasa la tatu: mbili zikifuatana ni 6.4. Kamera inataka 6. Hata ile Instax yetu, inayokula mawe manne madogo ya volti moja na nusu, nayo inataka 6. Hauhitaji mashine ya kupandisha wala kushusha umeme. Unahitaji betri mbili, waya nene kidogo, fyuzi, swichi, na mkono usiotetemeka.

Mara ya kwanza tulishindwa. Nakiri. Tulitumia betri za zile taa ndogo, na motokaa ya kamera ikakosa nguvu. Picha ikatoka nusu, ikakwama kwenye meno kama mtu anayemeza ugali mkubwa. Tukaharibu picha moja, na picha moja ya Polaroid inapita dola 2 kabla hata ya nauli. Fundi alikaa kimya siku nzima. Siku ya pili tukachukua betri za taa kubwa, zile zenye tundu la kuchaji simu, maana kamera hii huvuta umeme mwingi kwa ghafla inapochaji flashi na inapotoa picha. Tukalehemu waya kwenye vile vyuma viwili vilivyo ndani ya chumba cha filamu, tukautoa nje kwa tundu dogo, tukaziba tundu kwa gundi na utepe mweusi ili mwanga usiingie. Betri zikakaa kwenye kikopo cha plastiki kilichofungwa mgongoni mwa kamera, kama mtoto kwenye leso. Si maridadi. Lakini tulipowasha, ikalia ule mlio mwembamba wa flashi ikijaa, na vijana wakapiga kelele hadi mzee wa kanisa akaja kuangalia nani amepata ajali.

Kuchaji ni rahisi: tunatoa zile betri mbili na kuziweka moja moja kwenye taa mbili ambazo bado ni nzima, tunaziacha juani. Hakuna bili ya umeme, na hakuna kungoja stima irudi.

Sasa nijibu hoja, maana najua maofisa mnasoma na kalamu mkononi.

Hoja ya kwanza: ni hatari. Kweli, kuna hatari, na yule anayesema hakuna asipewe bisibisi. Betri yoyote iliyovimba haitumiki, na iliyoshuka chini ya volti 2 haitumiki. Waya wa chanya na wa hasi ukigusana bila fyuzi unaweza kuwasha moto. Na ndani ya kamera yenye flashi kuna kifaa kinachohifadhi umeme wa mamia ya volti, kinaweza kukurusha hata kama betri imetolewa. Ndiyo maana sisi hatufungui upande wa flashi kamwe, na kijana chini ya miaka kumi na nane haguswi na kazi ya kulehemu. Lakini niulize: betri zilezile zikitupwa shimoni, watoto wakizichimbua na kuzigonga kwa mawe, hiyo ndiyo salama? Sisi shuleni tulivunja mawe ya redio, tukachanganya ule unga mweusi na maji ya muhogo, tukapaka ubao. Hakuna afisa aliyekuja na fomu ya usalama. Hatari inaonekana tu pale mkimbizi anapojifunza ufundi. Anapokaa juu ya takataka, inaitwa mazingira.

Hoja ya pili: filamu ni ghali. Hii ni hoja nzito, sitaikimbia. Pakiti moja ya picha nane ni pesa ya chakula cha nyumba kwa siku kadhaa. Filamu ya Instax ndogo ni nafuu zaidi kwa picha moja, na kama mtu ananiuliza aanze na ipi, namwambia Instax. Pia filamu ya Polaroid haipendi joto. Ikipita nyuzi 28 picha hugeuka manjano, kwa hiyo tunapiga asubuhi, na pakiti tunaiweka kando ya mtungi wa maji. Sisemi kila mtu apigwe picha kila wiki. Nasema kila familia iwe na moja. Moja tu. Linganisha na gharama ya bango la mradi, lile la plastiki lenye nembo saba, ambalo mradi ukiisha linakuwa paa la banda la kuku.

Hoja ya tatu ndiyo inayoniudhi: si jambo la kuokoa maisha. Kuna maji, kuna chakula, kuna dawa. Ndiyo. Lakini mbona nyinyi mnatupiga picha kila siku? Kama picha si muhimu, acheni. Kama ni muhimu kwa ripoti yenu, kwa nini isiwe muhimu kwa ukuta wetu? Na wale wanaotafuta jamaa waliopotezana wanajua: baada ya 1994, kwenye kambi za Wanyarwanda, watoto waliopotea walipigwa picha, na picha zikabandikwa ili mzazi apite atambue uso. Pale uso ulikuwa ndiyo njia ya kurudi nyumbani. Usiniambie uso si uhai.

Tena hii habari ya sura na nani anaishika si ya jana. Kenya ya mkoloni ilimvika Mwafrika kipande shingoni kwenye kikopo cha bati. Afrika Kusini, Polaroid yenyewe ilitumika kutengeneza picha za pasi ambazo bila hizo mtu mweusi alikamatwa. Mwaka 1970 wafanyakazi wawili weusi wa kampuni hiyo kule Marekani, Caroline Hunter na Ken Williams, waligundua jambo hilo, wakaanzisha upinzani hapohapo kazini. Hunter alifukuzwa. Lakini hawakunyamaza, na mwaka 1977 kampuni ikajiondoa Afrika Kusini. Kwa hiyo sisemi kamera hii ni malaika. Mashine ni ileile. Ikishikwa na askari, inatoa pasi. Ikishikwa na binti wa Lumino, inatoa picha ya nyanya yake.

Na hapa Uganda kwetu, Gulu, kuna studio ya zamani inayoitwa Gulu Real Art Studio. Mashine yake ya picha za kitambulisho ilitoa nne kwa mara moja, na wateja wengi hawakutaka kulipia nne. Basi mpiga picha akawa anapiga picha ya kawaida ya mtu ameketi, halafu anakata uso peke yake kwa ajili ya fomu. Kilichobaki kilitupwa: koti, mikono magotini, mtoto aliyepakatwa, na juu shimo la mraba. Mpiga picha Mwitaliano, Martina Bacigalupo, aliziokota akatengeneza kitabu kilichotoka 2013. Mimi nilipoona zile picha kwenye simu ya rafiki nilisema, huyu ni sisi kabisa. Uso umeenda ofisini. Mwili umebaki unangoja.

Kwa hiyo kikundi chetu kina sheria moja tu, imeandikwa kwa chaki mlangoni: PICHA NI YA ALIYEPIGWA. Polaroid inatusaidia kuitii kwa sababu haina nakala. Ikitoka, unampa mwenyewe, anaikinga na jua kifuani, anangoja robo saa, anajiona anakuja polepole. Tulipata pakiti mbili kwa mchango wa watu wetu walioko nje, picha kumi na sita. Moja iliharibika, nimeshasema. Kumi na tano zilitoka. Kukhu mmoja alikataa kupigwa mpaka aende kubadilisha kitambaa cha kichwa. Alichukua saa nzima, sisi tunangoja, jua linapanda, fundi anahofia joto. Alirudi amevaa gauni la gomesi na mjukuu wake begani, yule anayeenda kusoma ng'ambo. Picha ilitoka na rangi ya manjano kidogo. Akaitazama sana. Akasema, "Kumbe nimezeeka vizuri." Akaifunga kwenye leso na pesa zake. Siku akiondoka, Mungu apishe mbali, hatazikwa na mhuri.

Sasa ninachotaka, nakisema wazi, ili msiseme vijana hulalamika tu.

Mosi, msitupe kitu cha umeme kabla kijana mmoja hajakifungua. Iwe taa, redio, au kamera. Kila senta iwe na meza moja, mita ya kupimia volti, na chuma cha kulehemu. Gharama yake haifiki posho ya semina moja.

Pili, taa za sola zilizokufa zirudishwe mahali pamoja. Betri nzima zifanye kazi nyingine, na zilizokufa kabisa zisafirishwe kwenda kutupwa kwa utaratibu. Nyinyi ndio mlizileta. Njia ya kuzirudisha nayo ni yenu.

Tatu, na hii ni kwa kila mgeni mwenye kamera: ukichukua moja, acha moja. Sijali ni Polaroid, Instax, au umechapisha mjini ukarudi wiki ijayo. Ukishindwa kuacha, usichukue.

Yule afisa alirudi mwezi uliopita. Akatuona tumekaa nje na kamera yenye mtoto mgongoni. Akauliza kama anaweza kutupiga. Tukamwambia karibu, lakini wewe kwanza. Tukampiga, tukampa picha yake mkononi. Alisimama pale robo saa nzima akiingoja, simu yake mfukoni, haitoi.

Kisha akauliza betri tumetoa wapi.